Lori la Sebuleni

Wiki hiyo Sefania hakumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa kwenye kiti kimoja. Alikianzia jikoni, akakihamishia barazani, akakisahau dirishani, na mkewe Marta akawa anamfuata nyuma akiokota vikombe kama mtu anayeokota mapeasi yaliyoangushwa na upepo.

"Baba Bryson, kaa chini. Unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Tangu ibada ya Jumapili kiti hicho hakijakuona."

Kilichomtoa kitini kilijulikana. Jumamosi iliyopita alikuwa ameyagonga malori ya watu barabarani, mbele ya mwanawe. Malori yenyewe yalikuwa ndani ya kompyuta, lakini aibu ilikuwa ya kweli, na ilikuwa bado imekaa kifuani kama kiporo.

Enzi zake, kabla magoti hayajamsaliti, Sefania aliendesha lori la mboga kutoka Lushoto kuteremka Mombo na kwenda mbele. Mwenyewe husimulia kwamba siku moja breki zilimkatikia juu ya Soni, akashuka kwa honi peke yake, kona zikawa zinampisha. Sista wa Kifungilo aliyekuwa amepewa lifti hakuamka hata kidogo, na walipofika Mombo akauliza kama safari bado haijaanza. Ukimuuliza ni sista gani, atakwambia amehamishwa.

Magoti yalipogoma, Bryson, mtoto wao pekee, alikuwa anajiandaa kwenda Mtwara kwenye kazi za gesi. Akamwachia baba yake kompyuta sebuleni, usukani wa plastiki na gemu la kuendesha malori. Tangu hapo kila Jumamosi mchana waliendesha pamoja, baba Lushoto, mwana Mtwara, hedifoni masikioni, katika msafara wa wachezaji ulioongozwa na kijana mmoja wa Arusha aliyejiita Kamanda.

Usidhani ni mchezo. Bryson kwenye simu alikuwa mtu wa "Shikamoo baba, wazima? Haya, tutaongea," na hiyo "tutaongea" haikufika. Lakini mweke nyuma ya usukani, macho yake yakiwa barabarani, ulimi unafunguka wenyewe. Hapo ndipo alipomweleza baba yake kwamba bosi wake anaogopa mijusi. Hapo ndipo aliposema pia kwamba kuna jioni anarudi kazini anakaa tu kitandani, viatu miguuni, hadi giza linaingia. Mambo hayo mtu hamwambii baba yake uso kwa uso. Barabarani anaweza, maana barabarani kila mmoja anatazama mbele.

Sasa mashine ilianza visa. Inaondoka vizuri kama bwana harusi, halafu safari ikikolea picha inaanza kustaki: lori linaganda, linaruka, linaganda tena. Jumamosi hiyo iliyopita lori la Sefania lilitoweka kwenye kona likatokea mgongoni mwa lori la Kamanda, likayasukuma mengine matatu bondeni.

"Mzee, kwa heshima zote," Kamanda alisema, "Jumamosi ijayo ukistaki tunakuacha. Huu msafara si gereji."

Sefania akangoja mwanawe amtetee. Bryson akasema taratibu, "Baba, labda upumzike kidogo."

Kupumzika! Neno hilo alilisikia mara ya mwisho kutoka kwa tajiri wake, siku alipokabidhiwa blanketi la kustaafia.

Basi ikabidi mashine iongezewe nguvu kabla ya Jumamosi, na hela ya mapeasi waliyouza ilitosha kitu kimoja tu. Jirani yake Abrahamu, aliyestaafu kwenye kiwanda cha chai huko Bumbuli, aliapa kwamba dawa ni kuongeza RAM. "Ni kama bodi ya lori, Sefania. Ongeza bodi, utabeba." Sefania hakukubali. Lori likishindwa mlima, tatizo si bodi, ni injini. Na injini ya gemu, alivyosikia, ni kadi ya picha. Lakini mbona alishapunguza ubora wa picha hadi miti ikawa kama kabichi, na bado mashine ilichoka vilevile, ila kwa kuchelewa kidogo? Akavaa koti akashuka mjini.

Duka la Ilham liko karibu na soko, dogo, limejaa mizoga ya kompyuta hadi mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kadi ya picha. Ile kubwa kuliko zote. Ukiwa nayo ya kupandisha Everest, nipe."

"Ya Everest imeisha, ipo ya mlima wetu wa Magamba," Ilham akajibu bila kuinua macho. Akamtolea kadi yenye feni mbili, iliyotumika lakini safi. Sefania akaishika kama anavyoshikwa kifaranga. "Sasa kabla sijakuuzia, niambie. Inasumbua tangu unapoiwasha au inachokea njiani?"

"Njiani. Mwanzoni ni swala."

"Inatoa mlio?"

"Feni inalia kama tingo aliyeachwa stendi."

"Basi hapo RAM usiinunue, hela itakuwa umeitupa. Na hii kadi nayo ningekuwa wewe ningesubiri. Hiyo mashine inapata joto. Ikizidi joto inajipunguza kasi yenyewe, isiungue. Kadi kubwa italeta joto zaidi." Akaegemea kaunta. "Wewe si dereva? Gari likichemsha kwenye mlima, unalifungia injini kubwa zaidi?"

Sefania akairudisha kadi kwenye kaunta. Miaka yote ile alipandisha kutoka Mombo, na hakuna dereva aliyepanda na mzigo bila kusimama Soni, boneti juu, maji kwenye rejeta, mpaka chuma kitulie. Gari linaloanza vizuri na kuchokea njiani! Hata mbuzi wa Soni wanaujua ugonjwa huo.

"Nenda kaweke kiganja nyuma ya boksi, pale upepo unapotokea," Ilham akasema. "Kadi nitakuwekea."

Alirudi akipanda mlima haraka kuliko magoti yake yalivyoruhusu. Marta alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama. Sefania akawasha kompyuta, akaendesha hadi picha zilipoanza kuruka, akainama chini ya meza, akaweka kiganja nyuma ya sipiyu, lile boksi la chuma ambalo ndimo kompyuta yenyewe ilimo. Kiganja kikatua kwenye sufi.

Sipiyu ilikuwa imevaa sweta.

Si kwamba hakuwahi kuliona. Aliliona kila siku, ndiyo maana aliacha kuliona. Katika nyumba ya Marta hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi: redio ina kitambaa chake, chupa ya chai ina chake, viti ndiyo usiseme. Bryson alipoondoka, na ulikuwa mwezi wa Julai, ukungu unaingia hadi mvunguni, Marta alifumua sweta la shule la mwanawe, la kijani, akaifumia sipiyu nguo ya kuitosha barabara. Mbele aliacha tundu la kitufe cha kuwashia, akalishona ukingo kama la kifungo. Nyuma aliacha upenyo wa nyaya. Skrini aliiacha wazi. "Skrini inatazamwa," alisema. "Boksi halitazamwi. Livae, litapata baridi."

Sefania akapenyeza mkono ndani ya sweta. Moto kama sufuria ya ugali. Nyuzi za kijani zilikuwa zimejikusanya kwenye matundu ya feni kama nyasi kwenye mfereji.

Akalivua. Akang'oa nyuzi, akapuliza vumbi, akapiga chafya, akaendesha. Akaenda, akaenda, akarudi, akaenda tena. Picha nyororo kama maziwa ya mtindi, miti ina majani yake yote. Angeimba, ila kwaya ilikuwa inakaribia kutoka. Akalivisha sweta haraka akakaa barazani na uso wa mtu aliyekuwa anapunga upepo.

Marta hakufika hata jikoni.

"Nani amemvua huyu?" sauti ikatoka sebuleni. "Sweta limevaliwa nyuma mbele!"

Hapo ndipo Sefania angesema. Neno lilifika kwenye meno. Lakini alimwona Marta amepiga magoti analigeuza sweta, analivuta mabegani taratibu, kama anavyovutwa mtoto anayechelewa shule. Marta naye alikuwa akipata "Shikamoo mama, wazima?" ile ile, na yeye hakuwa na usukani. Kumwambia alivue ni kumwambia kwamba mikono yake ndiyo inayomziba mtoto mdomo.

"Fundi kasema nilikague," Sefania akajibu. "Lina homa."

"Homa?" Marta akashtuka. "Na wewe umeliacha wazi na baridi hii?" Akaingia chumbani akatoka na kanga, akaifunga juu ya sweta, fundo kwa mbele.

Alhamisi Sefania alifungua dirisha; Marta akalifunga. Akalifungua tena, Marta akalipigilia msumari. Ijumaa akajificha nyuma ya banda la kuku akampigia Ilham.

"Ile kadi naichukua."

"Mzee, si ulikuta joto?"

"Nilikuta. Lakini nitamwambia mke wangu kadi imetoka Ujapani na ina masharti kama dawa: ukiivika nguo, inakufa."

Ilham akacheka hadi simu ikakoroma. "Unanunua kadi nzima ili usimwambie mkeo neno moja? Bahati mbaya, imechukuliwa asubuhi na mtu wa Bumbuli. Hilo neno mwambie tu, neno halina bei."

Halina bei kwa asiyemjua Marta.

Jumamosi ikafika. Marta akavuta kigoda akakaa karibu na meza kumwangalia mgonjwa wake. Sefania akavaa hedifoni, ambayo sauti yake huwa ameifungulia hadi mwisho, masikio yake yakiwa yamezibwa na miaka ya lori. Msafara ukaondoka. Aliendesha akiwa amekaza mabega, akiisikiliza feni kuliko anavyoisikiliza barabara. Na feni, chini ya sufi na kanga, ikaanza kulia mapema kuliko siku zote. Mti ukaruka. Daraja likaganda. Lori la mbele likawa hapa, likawa kule, likawa hapa.

"Mzee anastaki tena," Kamanda akasema. "Nilishasema. Wengine songeni, tunaondoka."

Taa nyekundu za msafara zikaanza kupotea moja moja. Sefania akaziba maiki kwa kiganja.

"Mama Bryson."

"Abee."

"Linakufa kwa joto. Ni sweta. Nimejua tangu Jumatano."

Marta akamtazama. "Kwa hiyo homa ulinidanganya?"

"Homa ilikuwa kweli. Nilipunguza sababu tu."

"Na mimi nikaliongezea kanga."

"Ukaliongezea kanga."

Alingoja alie, au anyamaze, ambako kwa Marta ni kubaya zaidi.

"Sefania," akasema, na hamwiti jina hilo mpaka maji yamezidi unga. "Mtoto anaondoka, na wewe umekaa unaniogopa? Vua!"

Sefania akavua hedifoni akamtupia. "Mwambie anisubiri!" Akashuka chini ya meza, goti moja likilaani, lingine likisali. Fundo la kanga likakubali. Sweta likagoma, limenasa kwenye nyaya.

Marta hakuwahi kuivaa hedifoni. Aliipachika juu ya kilemba, na kabla hajajua mahali pa kusemea, sauti ya Bryson ikajaa sebuleni, kubwa, Sefania akaisikia hadi mvunguni.

"Baba, waache waende zao. Mimi nimesimama pembeni, nimewasha taa za hazadi, nakusubiri. Tena afadhali. Nilitaka kukwambia kitu wale wasisikie. Na ile siku nilivyosema upumzike, nilisema vibaya. Sikutaka wakutukane tu."

Marta akaigeuza hedifoni huku na huku akitafuta pa kusemea.

"Kitu chenyewe ni hiki: Secilia amekubali. Desemba namleta nyumbani. Ila mama usimwambie kwanza. Unamjua, atatangaza kwa kwaya nzima kabla sijapanda basi. Baba? Umestaki?"

Chini ya meza sweta likaachia, likabaki mkononi mwa Sefania.

"Baba yako yuko chini ya meza," Marta akasema. "Secilia wa kwa nani?"

Huko Mtwara kitu kikaanguka sakafuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Secilia wa kwa nani?"

Sefania akajikokota hadi kitini. Feni ilikuwa inashusha pumzi. Picha ikatulia, nyeupe, safi: barabara tupu, na mbele kidogo, pembeni, lori la mwanawe likiwasha na kuzima taa zake za njano. Akanyoosha mkono kuomba hedifoni. Marta akaupiga kofi.

"Wewe endesha."

Akaendesha. Lori la Bryson likaingia barabarani taratibu, lake likafuata nyuma. Alichokipata ni vipande vilivyodondoka kutoka sikio la mkewe: kwamba binti ni wa Same, kwamba ni muuguzi, kwamba anaimba sauti ya pili. Marta alikuwa ameegemea skrini, macho yake mbele barabarani, anauliza na kujibiwa, anauliza na kujibiwa. Kamanda na watu wake walishafika wanakokwenda. Sefania akateremsha gia, akapunguza mwendo zaidi, asije akafika mapema.