Namba Tatu

Jumanne, tarehe 9 Juni, saa nne na robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakigonga bati la maabara wakati kichupa kilipoletwa kutoka chumba cha upasuaji. Ndani yake mlikuwa na kipande cha ubongo kisichozidi punje ya mchele, na ubongo ule ulikuwa wa dada yake daktari aliyekipokea.

Daktari huyo wa patholojia, msomaji wa magonjwa kwa hadubini, alivaa glavu bila haraka. Mwenzake alikuwa likizo, na uvimbe haungoji likizo ya mtu. Moyoni alikuwa kama mtu aliyeulalia mkono wake hadi ukafa ganzi.

"Usikibonyeze kama unafua soksi," alisema fundi wa maabara, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Rangi.

"Nabonyeza tangu hujaajiriwa."

"Ndiyo maana soksi zako zina matundu."

Kipande hakukigandisha, kwa kuwa barafu huuchana ubongo na kumdanganya msomaji. Alikibana kati ya vioo viwili, akavivuta vikaachana. Ubongo wenye afya hutandazika kama siagi. Huu uling'ang'ania na kuacha nyuzi. Mama Rangi alikichovya kioo katika spiriti, kisha katika rangi. Utani ulikuwa umemwishia.

Chini ya hadubini seli zilisongamana, viini vyake vyeusi, vya kila umbo, vingi vikiwa katikati ya kugawanyika. Alitazama mara ya pili, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa, si kwa kuwa alikuwa na shaka.

Asubuhi ile shemeji yake, mume wa dada, alikuwa amemdaka koridoni. "Shemeji, ukiona kitu kibaya, nakuomba asijue. Apone kidonda kwanza."

"Nimekusikia," alijibu, na shemeji akaondoka akidhani amekubaliwa.

Uvimbe ulikaa jirani na makao ya usemi, hivyo dada alipasuliwa akiwa macho. Kipaza sauti cha maabara kilileta sauti za chumba cha upasuaji: muuguzi akimwonyesha picha, naye akizitaja. Ngamia. Mkasi. "Na wewe, mwanangu, u mkali kuliko mwalimu wa zamu," alimtania muuguzi.

Mgonjwa akiwa macho, majibu yalitolewa kwa namba ili asielewe. Moja, si saratani. Mbili, saratani ya polepole.

"Maabara hapa," daktari alisema kwenye kipaza sauti. "Namba tatu."

Picha zilikoma.

"Huyo ni mdogo wangu," dada alisema. "Namba tatu ndiyo nini?"

"Ni hesabu zetu tu, mama," alidakia daktari wa upasuaji, waliyemwita Kamanda. "Tuendelee na picha."

"Kamanda, umenifungua kichwa, hukunitoa akili. Mdogo wangu, nakuuliza wewe."

Mdogo huyo alikuwa kidato cha nne, bwenini, mama yao alipofariki. Wakubwa wote walikubaliana afichwe mpaka mitihani iishe. Dada peke yake alikuja hadi getini, akamwambia waziwazi, akamshika bega, akarudi. Usiku ule yule mdogo alipiga viatu vyake rangi, na kesho yake akaufanya mtihani. Wale waliomficha hakuwaamini tena kamwe.

Mama Rangi alitikisa kichwa kumkataza. Daktari alibonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Ni saratani, dada. Ile ya kasi. Haiwezi kutolewa yote."

"Kamanda akichimba zaidi, nitapata muda?" aliuliza dada.

"Kidogo. Na huenda ukapoteza maneno."

"Basi niachieni maneno yangu. Umesikia, Kamanda?"

"Nimesikia, mama," alijibu Kamanda, sauti imemshuka.

"Mdogo wangu."

"Naam, dada."

"Lile deni la getini."

"Ndiyo."

"Umelilipa."

Daktari wa patholojia alizima kipaza sauti, akaandika namba tatu kwenye ukingo wa kioo, akanawa mikono. Hakujua kama maji yalikuwa ya moto au ya baridi. Shemeji alikuwa akimngoja koridoni, na alikwenda kumwambia kwamba dada anajua.