Hotuba Aliyoandikiwa na Dada Yake

Marufuku ile ilikuwa na jina refu la kiserikali, lakini mjini watu waliiita Kufuli tu. Ilianza kwa ugomvi wa wakubwa juu ya ushuru wa reli, na ilipofika mwaka wa ishirini na mbili reli yenyewe ilikuwa imeota majani, na wengi wa walioanza ugomvi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Kufuli likabaki. Hakuna bidhaa iliyoruhusiwa kuvuka daraja, iwe ya kwenda au ya kurudi. Mtu aliruhusiwa kuvuka, ila mikono mitupu.

Palikuwa na fundi viatu ambaye kila mtu alimwita Msumari, kwa tabia yake ya kuzungumza huku amebana misumari midogo midomoni. Yeye hakuwa na ugomvi na Kufuli. Kabla yake alikuwa akikaa kwenye kibaraza cha watu akibandika soli za viatu vilivyotengenezwa ng'ambo ya daraja, kwa sababu viatu vipya vyote vilitoka huko. Njia ilipofungwa, sokoni viatu vikaadimika, na watu wakaanza kumuuliza kama anaweza kushona pea nzima. Aliweza. Mwaka wa tano alikodi chumba kirefu nyuma ya ghala la zamani, akaweka cherehani tatu za ngozi na rafu ya kalibu za mbao za kuundia viatu, zilizopangwa kwa saizi, kuanzia za mtoto anayejifunza kutembea. Mkewe alishona sehemu za juu, na mafundi wanane walikata, wakagundisha na kupiga visigino. Harufu ya gundi ilikupokea tangu barabarani.

"Kufuli limenifungulia mlango," alizoea kuwaambia wateja, na wateja walicheka ingawa neno hilo walishalisikia mara mia.

Dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, hakucheka. Binti yake alikuwa ameolewa ng'ambo. Kila alipokwenda kuwaona wajukuu, alivuka daraja na nguo alizovaa na kitambulisho tu. Mwaka mmoja alimfumia mjukuu sweta. Askari wa forodha, ambaye Mwalimu alimfundisha kusoma akiwa darasa la pili, aliligeuzageuza mkononi akasema kwa sauti ya chini kwamba nguo mpya ambayo haijavaliwa huhesabiwa kuwa bidhaa. Mwalimu alimweleza kwamba mtoto wa kulivaa yuko upande wa pili wa daraja, atalivaaje kabla halijafika? Askari aliona haya, lakini sweta alilichukua. Tangu hapo Mwalimu alikuwa akinunua uzi hukohuko na kufuma mchana kutwa, wakati watoto wakicheza peke yao.

"Mkono mtupu haulambwi," alikuwa akisema, "na wangu huu, wajukuu wameuzoea mtupu."

Basi ikatangazwa kwamba kamati ya bunge inakuja kusikiliza maoni ya wananchi: Kufuli liondolewe au libaki? Mafundi viatu wa mji walikutana kwa Msumari, wakamchagua awasemee. Hakuna aliyeuliza atasema nini, kwa kuwa wote walitaka libaki. Tatizo lilikuwa moja. Msumari alijua kusoma, ila kuandika kulimtoa jasho kuliko kupiga soli, na kila kundi lilitakiwa kufika na maoni yaliyoandikwa.

Kesho yake alasiri akaenda kwa dada yake na daftari jipya.

Mkewe alipopata habari aliacha kushona. Alimwambia mumewe kwamba huko ni kumpa fisi bucha alinde. Msumari akajibu kwamba mjini hapo hamjui mtu mwingine anayeandika vizuri, na kwamba fisi huyo ndiye aliyembeba yeye mgongoni wakati mama yao alipokuwa shambani.

Kwa siku tatu walikaa kwenye meza ya kulia chakula. Mwalimu aliuliza maswali, Msumari akajibu, kalamu ikaenda. Alitaka kujua kila fundi anaishi na nani, nani angeajiriwa kwingine na nani hangeajiriwa. Alipoelezwa juu ya mshonaji mwenye mguu mbovu, aliyefukuzwa sehemu nne kabla ya kufika pale, aliandika ukurasa mzima. Msumari alipojaribu kutia chumvi kidogo juu ya ubovu wa viatu vya ng'ambo, Mwalimu alimkatalia. "Viatu vyao vizuri na unajua. Sema unachoogopa, watakusikia zaidi."

Siku ya tatu akamuuliza, "Na yule fundi aliyekufundisha kazi, nimweke?"

Msumari alitazama dirishani. Akiwa na miaka kumi na saba alivuka daraja na kukaa miaka minne kwenye karakana ya fundi mmoja wa huko, akalala chumba kimoja na watoto wake na kula nao. Tangu Kufuli lianze hakuwahi kwenda kumsalimia. Mwanzoni alisema kazi ni nyingi, baadaye ikawa miaka imepita mno.

"Hayo ya nini, Dada? Muache."

Mwalimu hakubishana. Alimaliza, akamsomea yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Msumari alisikia maneno yake mwenyewe yakiwa yamenyooka kama ngozi iliyopigwa pasi, akaingiwa na shaka.

"Hujaniwekea sumu humu?"

"Nimeweka ulichosema, basi. Mimi nitasema yangu siku hiyohiyo, kwa mdomo wangu."

Kikao kilifanyika ukumbi wa mji. Viti vya plastiki havikutosha, watu wakasimama hadi mlangoni, na kipaza sauti kilikuwa kikikatika kila mtu alipokisogelea, hata ikabidi mwenyekiti wa kamati awaombe wasemaji wakiogope kidogo. Muuza vipuri alitaka Kufuli liondoke, maana magari yalikuwa yakilala miezi kungoja kifaa kinachouzwa mwendo wa saa mbili kutoka hapo. Mkulima wa vitunguu alitaka libaki. Mwalimu alipopewa nafasi alieleza habari za sweta. Alikuwa amejiandaa kuendelea, ila baadhi ya watu walicheka, naye akapoteza mwelekeo, akashukuru na kukaa. Aliyeandika kurasa sita za mdogo wake hakuwa ameandika hata moja ya kwake.

Msumari akasimama, kwa mara ya kwanza bila misumari mdomoni, akasoma polepole. Alipofika kwa mshonaji mwenye mguu mbovu ukumbi ulitulia, na alipomaliza ulipiga makofi mpaka kipaza sauti kikakatika chenyewe. Mafundi wenzake walikuwa wakipigana mabega kwa furaha. Mwalimu naye alipiga makofi. Hilo watu wengi waliliona na hawakulielewa.

Ndipo mjumbe mmoja wa kamati, mama mwenye miwani aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akamwomba asikae kwanza. Alimsifu kwa maelezo, kisha akauliza, kwa upole tu kama mtu anayeuliza njia, kazi hiyo alijifunzia wapi.

Msumari alitazama karatasi. Hapakuwa na jibu pale. Angeweza kusema alijifunza kwa marehemu mjomba wake, na mjini nani angembishia? Alimtazama dada yake, naye alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani.

"Ng'ambo ya daraja, mheshimiwa," akasema. "Miaka minne. Kila ninachojua nilipewa na fundi mmoja wa kule."

Ukumbi ukaguna. Mjumbe akangoja wanyamaze.

"Je, fundi huyo akija kesho na viatu vyake kuuza hapa, ungempinga?"

"Ningempinga," Msumari akasema. "Nina watu wanane. Lakini ningeona aibu. Sijui mheshimiwa mtaandika lipi kati ya hayo mawili. Kwangu yote ni kweli."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Alikunja karatasi, akarudi kitini.

Nje, mafundi wenzake hawakumficha. Mmoja wao, mwenye karakana ndogo karibu na kituo cha basi, mtu waliyezoeana miaka mingi, alimwambia wamemtuma mdomo mmoja naye amekwenda na miwili. Mkewe, kwa upande wake, aliamini swali lile lilipandwa na wifi yake. Nani mwingine alijua? Akakata mguu kwa Mwalimu, na wakikutana dukani alimwamkia kwa mbali kama mpangaji anayedaiwa.

Mwalimu hakujitetea. Ilikuwa ni Msumari aliyekwenda kuyamaliza, baada ya wiki mbili, akimchukua mkewe pamoja naye. Alisema mbele yao wote wawili kwamba Dada alimuuliza kuhusu fundi yule, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema aachwe. Kama Dada angetaka kumwangusha, alisema, angemwandikia vibaya, asingehangaika kumtafuta mbunge. Mkewe alifikiri, akaona kweli. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alisimama akaenda kuosha vikombe ambavyo Mwalimu alikuwa ameviacha kwenye beseni, na Mwalimu akamfuata na kitambaa cha kukaushia.

Ripoti ya kamati ilitoka baada ya miezi saba. Ilipendekeza Kufuli lifunguliwe kidogokidogo: vipuri, dawa na vyakula mara moja, nguo, ngozi na viatu baada ya miaka miwili, ili mafundi wapate muda wa kujipanga. Bunge lilibishana wiki nzima, likapitisha kwa kura chache. Waliotaka liondoke wote walisema ni woga, na waliotaka libaki walisema ni usaliti.

Asubuhi ya kwanza Mwalimu alivuka na mikoba miwili mikubwa ya vyakula. Forodhani alimkuta askari yuleyule, akamfungulia mikoba kabla hajaombwa. Askari alitazama juujuu, akamsaidia kuibeba hadi mwisho wa daraja.

Msumari alivuka mwezi uliofuata, akaitafuta karakana. Fundi wake alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Binti yake ndiye aliyebaki na kazi. Alikuwa akishona ndala tu, kwa sababu ngozi nzito ilikuwa ikitoka upande wa akina Msumari, na Kufuli lilipofungwa mashine kubwa za baba yake zilikosa kazi, zikauzwa moja moja. Alimhadithia hayo bila lawama. Msumari alikuwa hajawahi kufikiri kwamba kuna fundi yeyote wa ng'ambo aliyefungiwa mlango na kitu kilekile kilichomfungulia yeye. Alikaa pale mpaka alasiri. Binti akampeleka kwenye kaburi la baba yake, naye akaomba radhi kwa kuchelewa.

Miaka miwili ile aliitumia vizuri. Viatu vya ng'ambo vilikuwa vyepesi na vya kupendeza, naye akaona hawezi kushindana navyo. Akageukia mabuti ya wafanyakazi wa machimbo, yenye soli nene, ambayo kule hakuna aliyejali kuyatengeneza. Siku viatu vilipoanza kuvuka, mafundi wawili walimwacha, mmoja kwa hiari na mmoja kwa sababu kazi haikutosha. Sita walibaki, na mwenye mguu mbovu alikuwa miongoni mwao. Ngozi nzito aliipeleka kwa binti wa fundi wake, naye huyo akaanza tena kushona, sasa kwa mkono, viatu vya kufunika mguu.

Yule mwenye karakana ya kituoni hakupata la kugeukia. Alifunga mwaka huohuo. Msumari alikwenda kwake, akamwambia kiti kipo na kazi ipo. Jamaa alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema atabandika soli kibarazani kama zamani. Na ndivyo afanyavyo hadi leo. Msumari hupita pale kila asubuhi akienda kazini. Wanaamkiana, wanaulizana hali za watoto, kisha kila mmoja anaendelea na yake.