Nyumba ya Timazi

Kaka yangu alikuwa mwashi, na watu walimwita Timazi, kama ule uzi wa kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta uliopinda akanyamaza. Aliwahi kuubomoa ukuta aliokwisha kuumaliza, mwenye nyumba akimsihi auache, eti dirisha limeinama kiasi cha unene wa ukucha. Mkewe alipofariki nilihamia kwake ili nimpikie na nigombane naye. Vyote viwili nilivifanya vizuri.

Binti yake wa pekee anafanya kazi katika maabara ya hospitali, nchi ya mbali, na mshahara wake unaishia kwenye vitofali vya plastiki. Nasema vile vitofali vya watoto, vya kupachika kimoja juu ya kingine. Amejaza rafu nzima: minara, meli, stesheni ya treni yenye saa yake. Mwanamke mzima, mvi zimeshaanza kumchungulia. Mimi sina dogo, nilimwambia kwenye simu kwamba wenzake wananunua viwanja. Akacheka, akasema naye anajenga.

Siku moja akamtumia baba yake sanduku. Alikuwa amenunua mawili yaliyofanana, lake na la baba: nyumba ya ghorofa moja, paa jekundu, madirisha yenye mbao za kijani. Kila Jumapili mchana angepiga simu, wafungue ukurasa uleule wa kijitabu, na wajenge pamoja, yeye kule, baba huku. Wazo lilikuwa zuri sana, na lilikuwa limechelewa. Macho ya kaka yalikuwa yameshaondoka. Presha ya macho ilianza kuyala kimyakimya, na sanduku lilipofika alilipapasa pembe zote nne kisha akaniuliza lina picha gani.

Nilimtaka amwambie mtoto ukweli siku hiyohiyo. Nikamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

"Akijua ataacha kazi aje kunishika mkono," akasema.

"Si mtoto wako?"

"Kipofu nimekuwa, mzigo sitaki kuwa. Na wewe funga mdomo."

Nilimpa vidonge vyake vya maneno siku ile, vyote, lakini mdomo nikaufunga.

Basi kila Jumapili alioga, akavaa shati lenye kola, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, sanduku limefungwa juu ya magoti. Simu ilikuwa ya sauti tu. Ya kuonana alisema mtandao wa kwetu haufai. Binti alimsomea: Baba, chukua chekundu chenye vinundu vinne, kiweke kwenye kona. Kaka alinyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta, kisha akajibu, "Nimepachika." Mimi nilikuwa namenya vitunguu nikiitazama mikono yake imetulia juu ya sanduku. Alidanganya bila hata kukohoa.

Lakini kati ya tofali na tofali walizungumza. Kaka alimuuliza amekula nini, mkubwa wake mpya kazini ana tabia gani, mbona leo sauti imelegea. Hapo ndipo binti alipomweleza baba yake habari za yule mwanamume aliyemwacha, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kaka akamwambia ukuta ukianguka si lazima fundi ni mbaya, pengine ni udongo. Jumapili nyingine nilishindwa kuvumilia, nikaenda kukaa kwa jirani mpaka wamalize.

Walimaliza paa. Binti alishangilia kule, kaka akashangilia huku, na sanduku halijafunguliwa.

Kaka alifariki asubuhi, amepiga magoti kando ya kitanda, mkono wake mvunguni akitafuta kiatu cha pili. Kiatu kilikuwa nyuma yake. Sijui ni kwa nini jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, lakini ndilo.

Binti alipopigiwa simu alilia mpaka nikadhani laini imekatika. Ndege aliyoipata isingemfikisha kabla ya mazishi. Akasema hataki saa ya baba wala nguo zake, anaitaka ile nyumba. Tusiiguse, tusiwaruhusu watoto waichezee, atakuja kuichukua aiweke kando ya yake.

Nikamjibu, sawa, mwanangu.

Nilijifungia chumbani kwa kaka na sanduku. Wanawake waliokuja msibani walidhani nimeingia kulia, wakawa wananiletea uji mlangoni na kuondoka kwa kunyata. Mimi nilikuwa sakafuni na miwani yangu, natafuta kitofali kidogo kama punje ya mahindi kwa vidole vilivyokomaa kwa kufua. Nilijenga ukuta kinyume, nikabomoa. Nilijenga ngazi inayoelekea ukutani, nikabomoa. Nilimtukana kaka kwa sauti ya chini kwa kuniachia uongo wake niumalizie. Nilipofika kwenye sinki la jikoni, sinki la plastiki lisilozidi kifungo, nililia kweli. Halafu nikaendelea, nikifuata kijitabu picha kwa picha, kwa sababu hiyo ilikuwa nyumba ya Timazi na haikupaswa kuwa na kosa hata moja. Mara ya mwisho niliyopachika kitu kwa uangalifu hivyo, nilikuwa msichana nashona sare zangu za shule.

Binti alifika, akanikumbatia, tukakaa chumbani kwa baba yake. Aliipakata ile nyumba kama mtoto mchanga. Akapitisha kidole ukutani, akatabasamu, akasema baba amenyoosha kweli. Moyo wangu ukatulia. Kisha kidole chake kikafika kwenye dirisha la juu, kikasimama.

Akaufungua ubao wa kijani, akaufunga, akaufungua tena.

"Shangazi, hili dirisha nani amelirekebisha?"

Nikasema limekuwa hivyo tangu mwanzo.

Akatikisa kichwa. Akanieleza, taratibu, kwamba kuna Jumapili aligundua dirisha lake la juu amelipachika kinyume, mbao zinafungukia ndani, na kulitoa ni mpaka avunje paa. Akamwambia baba. Baba akamjibu kwamba hata lake liko vilevile, waliache, atakayelala mle ndani atajua mwenyewe. Yeye alicheka wiki nzima. Baba yake, Timazi, ameliacha dirisha kinyume kwa ajili yake.

Hiyo lazima ilikuwa Jumapili niliyokwenda kwa jirani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kwenye dirisha. Nikamwambia yote: macho, sanduku, wanawake na uji wao.

Akaufunga ule ubao wa kijani, nyumba mapajani.

"Kwa hiyo nilikuwa najenga peke yangu," akasema.

Nikamwambia nilichokiona. "Alikuwa anaoga kwanza. Kila Jumapili. Anavaa lile shati lenye kola, ananiuliza limekaa vizuri."

Hapo akalia, na mimi nikalia, na nilimkumbatia kwa nguvu kwa sababu sikuwa na kaka tena na yeye hakuwa na baba.

Kabla ya kuondoka aliibomoa nyumba yote. Aliitenganisha kitofali kwa kitofali, bila hasira, akavimimina kwenye beseni langu la nguo. Nilidhani anaitupa, nikaumia, maana kazi ya mikono yangu ilikuwa mle. Akaliweka beseni juu ya kiti cha baba yake, akaweka kijitabu juu yake. Akaniambia niwe na simu karibu.

Jumapili nilioga mapema. Nilivaa gauni langu la kwendea harusini, nikajiona mjinga, sikulivua. Nikakaa kwenye kiti cha kaka, beseni mapajani. Simu ikalia.

"Shangazi," akasema, "chukua chekundu chenye vinundu vinne, kiweke kwenye kona."

Nikaingiza mkono kwenye beseni. Machozi yalikuwa yamenijaa, vyote vilikuwa rangi moja, sikuona hata kimoja.

"Nimepachika," nikamwambia.