Jina la Apuuli

Kila jioni, pale Bwera, Jonan fundi baiskeli alinawa grisi mikononi, akaketi kizingitini na bakuli la supu ya samaki wa Kasenyi, akachambua miiba kwa vidole. Supu hiyo ilikuwa ya mbwa. Mbwa alikuwa mzee, tumbo lake limekataa kila kitu, na Jonan alimlisha kwa kijiko huku akimbembeleza: "Apuuli wangu, meza kidogo. Hii moja tu."

Mkewe Anastasie, aliyetoka Butembo na kuuza vitenge sokoni, alikula samaki wake jikoni na kujichambulia miiba mwenyewe. Alikuwa na wivu, tena ule wa kukosesha mtu usingizi. Mpinzani wake angekuwa mke mwenza, angejua pa kuanzia. Huyu alikuwa na mkia.

Kilichomuuma zaidi ni hilo jina. Kwao Jonan, Watooro wa Karusandara, kila mtu ana jina la pili, la upendo, la kusalimiwa nalo, na mwanamke akiolewa hapo wazee humpa lake. Siku ya Anastasie mvua ilinyesha, wazee wakakimbilia ndani kwenye chakula, jambo likasahaulika. Mbwa alipoletwa miaka kadhaa baadaye, Jonan alimpa lake, Apuuli, hata kabla ya kumfungua kamba.

"Imbwa iko na jina ya mapendo," Anastasie alimwambia. "Miye bibi yako niko na ya padri tu."

"Ngoja wazee. Mimi siwezi kukupa peke yangu, desturi inakataa."

"Na yeye, wazee gani walimupatia?"

"Ile ni mbwa tu," Jonan alisema, akapuliza kijiko kipoe.

Mbwa akafa siku ya soko. Jonan alimzika nyuma ya migomba, akalia bila kujificha. Anastasie naye, Mungu amsamehe, alipika wali akiimba. Aliona sasa jina limebaki bila mwenyewe.

Kesho yake jioni mbwa alirudi, udongo mgongoni, akalala mahali pake. Jirani yao Night, aliyekuja kuomba chumvi, aliuruka mkia wake, akamsalimu: "Habari ya huko, Apuuli?" Kisha akamgeukia Anastasie: "Na wewe, mama?" Jonan alikwenda kuwasha moto wa supu. Mbwa hakufungua kinywa sana, lakini supu ilipungua.

"Kufa inachosha," Jonan alieleza. "Lazima ale polepole."

Anastasie akawa anafagia ule udongo kila asubuhi, akinung'unika.

Mvua zilipoanza, malaria ilimwangusha. Alilala akiwaka homa, na mbwa akapanda kitandani, akamlalia miguuni. Mwili wa mbwa ulikuwa wa baridi, na baridi hiyo ilimtuliza, jambo lililomuudhi kuliko homa yenyewe. Ndipo Jonan akaingia na bakuli. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akachambua miiba, mmoja mmoja, kwa subira ileile. Moyo wa Anastasie ukalegea. Alisamehe mvua, wazee, kila kitu.

"Apuuli," Jonan alisema kwa upole, "fungua kinywa kidogo."

Anastasie akafungua.

Kijiko kilimpita, kikaenda miguuni. Alibaki hivyo kitambo, kisha akafunga kinywa. Baadaye Jonan alimletea na yeye sahani yake, akamwambia ale apone. Samaki alikuwa na miiba yake yote.