Gari Lililodhani Ni Tupu

Bonaventure alikuwa ameshusha kila kitu. Pikapu yake ya kubebea mahindi ilikuwa imefagiliwa, na godoro moja limetandikwa katikati kwa ajili ya mkewe. Perpétue alikuwa ameanguka jioni iliyopita kutoka juu ya paa la ghala. Nesi wa zahanati ya Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alimfunga kwenye ubao, akamchoma kidogo kidole gumba cha mguu kwa ncha ya kalamu, na kidole kikajikunja.

"Bado anasikia," alisema nesi. "Lakini uti wa mgongo umepasuka. Mkimtikisa njiani, huenda asisikie tena."

Ambulensi ya kumpeleka hospitali ya Mbarara ilikuwa imekwama kwenye tope huko Rugaaga. Mvua za Aprili 2009 zilikuwa zimeichimba barabara vibaya.

Elisée, kaka yake Perpétue, alilizunguka gari, akainama na kuchungulia chini. Kabla ya kukimbia Kongo alifundisha ufundi wa magari katika shule moja ya Uvira, na hakuwa mtu wa kulia mbele ya jambo linaloweza kupimika.

"Rudisha mahindi," alisema.

"Profesa, umekunywa? Mutu ameumia mugongo, weye unataka magunia?"

"Magunia sita. Gari tupu inaruka kama mbuzi, shemeji. Hizi resori, hizi springi za nyuma, zilitengenezwa kwa kubeba. Ukizinyima muzigo, kila shimo linapanda mpaka kwa mugongo wa dada yangu. Na kile chuma uliongeza kwa resori kule Mbarara, nakitoa."

"Kile ndicho kinabeba tani! Ndicho kinakulisha na weye!"

"Na ndicho kinadanganya breki yako."

Alijilaza chini ya gari na spana, akaeleza huku akilegeza nati. Fimbo nyembamba ilitoka kwenye ekseli hadi kwenye valvu ndogo ya breki. Mzigo ukiwa mzito, bodi hushuka, fimbo husukumwa, na valvu huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Chuma cha ziada kiliizuia bodi isishuke. Kwa hiyo gari lilibeba tani nzima likidhani ni tupu, na magurudumu ya mbele yakaachiwa kazi yote.

Bonaventure aliinama kuchungulia. "Ndiyo maana linainamaga pua? Miaka mbili nafikiri ni miye nakanyaga vibaya."

"Unakanyaga vibaya pia. Leta magunia."

Waliondoka ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala juu ya mafunjo. Bonaventure aliendesha, Elisée aliketi nyuma juu ya mahindi, kiganja chake kwenye unyayo wa dada yake. Walikubaliana: akigonga paa mara moja, endelea; mara mbili, simama.

Gari lilishuka kwenye mashimo bila haraka na kupanda bila haraka, kama kifua cha mtu aliyelala. Migomba ilitokea kwenye weupe, ikayeyuka. Elisée hakuthamini ndoto, lakini aliona vilima vikipita kana kwamba ni vyenyewe vinavyosafiri, na wao wametulia. Perpétue, mzito kwa dawa, alisema yuko mgongoni mwa mama, wanatoka mtoni.

"Mama anatembea muzuri," alinong'ona.

Kisha ukungu ukaota pembe. Ng'ombe walikuwa wametanda barabara nzima, chini ya mteremko. Bonaventure alikanyaga breki, na Elisée akakumbatia ubao kwa mikono miwili, akingoja pua izame na kila kitu kiteleze mbele.

Haikuzama. Gari lilikaa chini lote kwa pamoja, mbele na nyuma, likasimama.

"Ssebo, bwana, angalia! Ng'ombe hana breki!" mchungaji alifoka.

"Miye niko nayo leo!" Bonaventure alimjibu.

Elisée alibonyeza kidole gumba cha mguu wa dada yake. Hakikusogea. Ukwato mmoja baada ya mwingine ulipita pembeni kwenye tope. Alijua mgandamizo, alijua uzito, alijua urefu wa ile fimbo. Hakuna hata kimoja kilichomsaidia sasa. Alibonyeza tena, kwa ukucha.

Kidole kilijikunja.

"Elisée," alisema Perpétue bila kufumbua macho, "unanitekenya. Acha nilale."

Elisée alisubiri hadi ng'ombe wa mwisho apite, kisha akagonga paa mara moja.