Kumi kwa Kumi

Gari lilizimika katikati ya barabara kuu ya I-35, theluji ikipiga kioo. Usukani ukawa mzito, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja. Peris aliushika kwa mikono miwili, akaliacha gari lijiburute hadi kando ya barabara. Lori lilipita karibu, likipiga honi ndefu. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Lois, bibi mgonjwa wa miaka themanini na nne ambaye Peris alimhudumia kwa mshahara huko mjini Coon Rapids.

"Tumefika?" Lois akauliza.

Jioni hiyo mwajiri wake alimpigia simu. Gari hilo lisimbebe mgonjwa tena, na asiye na gari hana kazi kwao.

Lilikuwa jipya, halijamaliza mwaka. Gereji ya waliomuuzia ililipokea mara nne kwa ugonjwa huohuo, na mara nne lilirudi vilevile. Shemeji yake, Bravin, ndiye aliyemsomea sheria: kampuni iliyounda gari ikishindwa kulitengeneza mara zote hizo, impe mteja gari lingine. Wakapeleka malalamiko. Wakaitwa mbele ya mwamuzi.

Mwakilishi wa kampuni aliitwa Fiona. Alizungumza polepole, kama anayezungumza na mtoto.

"Leo umekuja na gari hilo?"

"Ndiyo."

"Lilizimika njiani?"

"Leo hapana."

Fiona akasogeza karatasi nne mezani. "Kila ulipochukua gari ulijaza maoni kwenye simu. Tatizo limetatuliwa? Ndiyo. Mara nne, ndiyo. Huduma, kumi kwa kumi. Ni wewe uliyejaza?"

Peris alizitazama karatasi. Kiingereza alikisoma polepole, lakini tarakimu alizijua.

"Ni mimi."

Bravin akamwinamia, akashusha sauti. "Peris, kumi ya nini na gari ni bovu?"

"Sebastian aliniomba. Yule wa kaunta ya gereji. Alisema akipewa tisa anaitwa ofisini. Ana mtoto mchanga, alinionyesha picha. Akashika simu yangu akanionyesha pa kubonyeza."

"Na wewe ukabonyeza."

"Ningemkatalia vipi, shemeji? Si yeye aliyeunda gari."

"Mara nne, Peris."

"Kila mara aliniomba."

Mwamuzi akauliza wanasema nini. Bravin akatafsiri yote, hata ile picha ya mtoto.

"Siwezi kujua waliambiana nini," Fiona akasema. "Ninachojua ni alichojaza."

"Muulizeni Sebastian," Peris akasema kwa Kiingereza chake.

"Hayuko tena kwenye gereji hiyo." Fiona akafunua faili. "Amepandishwa cheo, anasimamia tawi lingine. Wateja wake walimpa alama nzuri sana."

Mwamuzi akaandika kitu, akasema uamuzi utakuja kwa posta.

Nje, waliingia garini, Bravin akafunga mkanda. Peris akawasha gari. Likawaka mara moja, likatulia, likanguruma kwa upole kama siku waliyolitoa dukani. Fiona alikuwa akipita na mkoba wake. Akasimama, akatoa simu, akaielekeza kwenye boneti na kuanza kurekodi.

Zimika, Peris akaliambia gari moyoni. Akakanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Zimika sasa, mbele ya huyu.

Injini haikukosea hata mara moja. Fiona akasogea karibu zaidi, ili sauti isikike vizuri.