Madonge Yaliyokataa Jina

Saa moja na robo asubuhi Bonge alikuwa ameshaviringisha madonge mia mbili na kumi katika kantini ya kiwanda cha sabuni: ya nyama, ya samaki, ya viazi, na ya unga yanayochemkia ndani ya supu. Alikuwa mfupi, mviringo kama kazi yake. Miaka kumi na tisa, donge halijampasukia mkononi. Wengine wetu tukiviringisha mawili, la tatu hutoka na pembe.

Meneja alikuwa ametangaza kwamba wageni wanakuja, kila chakula kiwekewe kadi ya Kiingereza, na atakayeziandika sawasawa ndiye mpishi mkuu. Karani, mwenye cheti cha Kiingereza, akaandika *meatball* kwenye kadi zote nne. Mviringo ni mviringo, alisema.

Kadi zilipowekwa, madonge ya nyama yakatulia sahanini. Mengine yakapaa taratibu hadi chini ya dari, yakimdondoshea karani supu shingoni.

"Zimeni feni," meneja akasema, "yasije yakakatwa."

Bonge akafuta mikono kwa aproni, akamgeukia karani.

"Mwanangu, hayo ya viazi nimeyavika chenga za mkate nikayakaanga. Wenye lugha yao wanayaitaje?"

"Labda *fritter*, mama."

Hakuna lililotikisika.

"Hiyo ndiyo nini?"

"Kitu kinachochovywa kwenye uji wa unga, kikakaangwa."

"Uji umeuona wapi hapa? Ama cheti chako hakijawahi kuingia jikoni?"

Karani akakuna kichwa. "*Croquette*?"

Madonge ya viazi yakashuka, kila moja sahanini pake, kama wageni walioonyeshwa viti.

"Na haya ya unga yamechemshwa, hayajaonja mafuta."

"*Dumpling*."

Yakatumbukia kwenye supu bila kurusha tone. Ya samaki yalibisha mpaka saa nne. Karani alikuwa akiyaita vipande. Bonge akamweleza kwamba samaki huyu kapondwa, hakukatwa. Ndipo karani akapata *fishball*, yakakubali. Jiko zima likapiga makofi, na haki yao.

Wageni walikula, wakasoma kadi, wakarudia kula. Jioni karani akafanywa mpishi mkuu, kwa kuwa cheti ni chake. Bonge naye akabandikwa kadi kifuani: *Helper*.

"Maana yake?"

"Msaidizi, mama," karani akajibu, macho chini.

Visigino vya Bonge vikaachia sakafu. Akapanda shibiri moja, akakaa hapo hapo hewani. Wenzake wakasogeza sufuria kumpisha.

"Afadhali," meneja akasema. "Sasa anafikia rafu ya juu bila kigoda."

Tangu hapo anaviringisha akiwa hewani, na madonge yanatoka sawasawa kama zamani. Kila asubuhi mpishi mkuu huinua shingo: "Mama, hili la leo tuliiteje?" Naye humwambia limepikwaje.

Meza yake wameiinua kwa matofali manne. Kadi ya kifuani hawajaigusa.